Muuza matone alimuuliza shangazi ameota nini

Shangazi yangu ana miaka 78 na mkebe. Zamani ulikuwa mkebe wa biskuti. Maua ya kwenye kifuniko yamebanduka na kutu imeshakula pembe mbili. Kwa wanawake wengi wa rika lake mkebe wa namna hii hutunza sindano, vifungo na nyuzi. Wa kwake unatunza dawa, na kwa kuwa anauweka chini ya mto, hakuna aliyejua mna nini ndani mpaka Jumamosi ile nilipofika Mlingotini, Bagamoyo, nikaamkia, nikanyweshwa uji wa mchele, kisha nikaomba ruhusa ya kuumwaga mkekani.

Tulihesabu pamoja. Vidonge vya presha vya aina mbili, vingi bado vimo kwenye karatasi zake ingawa kwa hesabu ya siku vilipaswa kuwa vimekwisha zamani. Diklofenaki alizogaiwa na jirani. Piritoni za mafua, ambazo yeye huzimeza ili apate usingizi. Unga wa mlonge uliofungwa kwenye kipande cha gazeti. Habasoda. Mafuta ya karafuu yaliyobaki kidogo, kizibo kimepotea, mdomo wa chupa umefungwa kwa nailoni. Na chupa tatu ndogo za kahawia, mpya, zenye lebo za Kiingereza na Kilatini na alama moja iliyorudiwa kwenye zote: 30C.

Hizo tatu ndizo zilizonitoa Dar es Salaam. Binamu yangu alikuwa amenipigia simu kusema kwamba shangazi ameacha vidonge vya presha, sasa ni wiki ya sita, kwa sababu kuna "daktari wa matone" aliyemwambia kemikali zinayazuia matone kufanya kazi.

Ni lazima nieleze miguu ya shangazi kabla sijaeleza matone. Kwa miaka zaidi ya 20 alilima mwani, zao lililoanza kulimwa kibiashara Unguja mwaka 1989 kabla halijavuka kuja huku bara. Anayeuona mwani umekaushwa gunia kwa gunia hawezi kujua kazi yake. Maji yakitoka kwa bamvua mwanamke anaingia baharini, anainama kufunga vipande vya mwani kwenye kamba, maji yakimfika magotini, kisha yanapanda, naye bado hajamaliza. Anarudi nchi kavu na gunia la mwani mbichi mgongoni au kichwani. Ukifanya hivyo miaka 20, magoti yako yatakwambia. Ya shangazi yalianza kumwambia zamani. Lakini mwaka huu liliongezeka jambo jipya: vifundo vya miguu vilivimba, jioni unavibonyeza kwa kidole na shimo linabaki.

Basi akatokea kijana nadhifu, shati jeupe, mkoba mweusi, kitambulisho shingoni. Alikuwa na ile mashine ambayo siku hizi imesambaa nchi nzima, ya "kupima mwili mzima": mgonjwa anashika kijiti cha chuma, waya unaingia kwenye kompyuta, na baada ya dakika moja zinatoka kurasa za figo, ini, mifupa, ubongo na mishipa. Kijiti kinachodai kuyajua hayo yote kupitia kiganja hakihitaji makala. Kilichonishughulisha ni kilichofuata. Kijana aliiweka mashine pembeni, akakaa mkekani, akauliza maswali kwa saa nzima.

Maumivu yanaanza alfajiri au jioni? Ukianza kutembea yanazidi au yanalegea? Unapenda chumvi? Unaona baridi au joto? Unaota nini usiku? Na ulipofiwa na mumeo, ulilia au ulijikaza?

Hilo la mwisho shangazi alinisimulia mara mbili. Huu ni mwaka wa sita tangu mjomba atangulie mbele ya haki, na katika miaka hiyo yote hakuna mtu, mimi nikiwamo, aliyemuuliza kama alilia.

Maswali hayo kijana hakuyabuni. Ndiyo utaratibu wenyewe wa homiopathia, na waliosomea hukaa na mgonjwa muda mrefu hivyo hivyo, wakitafuta dawa "inayofanana" na mtu mzima mzima, tabia na huzuni zake zikihesabiwa. Niliporudi mjini na picha za lebo kwenye simu, niliona jinsi majibu ya shangazi yalivyogeuzwa kuwa bidhaa. Kwa kuwa magoti yake hulegea akishaanza kutembea, alipewa Rhus toxicodendron, ambao ni mmea wa Marekani unaobabua ngozi. Kwa ajili ya presha na moyo mzito akapewa Aurum, yaani dhahabu. Na kwa kuwa alisema alijikaza msibani, akapewa Natrum muriaticum.

Natrum muriaticum ni chumvi. Chumvi hii hii ya kutia kwenye mchuzi. Mwanamke aliyeshinda miaka 20 amezama magotini kwenye maji ya Bahari ya Hindi aliuziwa chumvi, Sh20,000 chupa, na lenye kuchekesha zaidi ni kwamba chumvi yenyewe haimo.

Tuielewe hiyo 30C, maana siri yote imo humo. Mwanzilishi wa mambo haya ni Mjerumani, Samuel Hahnemann, aliyezaliwa mwaka 1755 na kufia Paris mwaka 1843. Mwaka 1790 alikula gome la mkwinini akiwa mzima, akahisi dalili zinazofanana na za homa, akahitimisha kwamba kinacholeta dalili kwa mzima ndicho kinachoziondoa kwa mgonjwa. Hapo ungeweza kusema ni wazo la kujaribiwa. Lakini kwa kuwa vitu vyenyewe vilikuwa sumu, alianza kuvizimua, na akaamini kwamba kadiri unavyozimua na kutikisa ndivyo nguvu ya dawa inavyoongezeka. C moja maana yake ni tone moja katika matone 100. Chukua tone moja la hayo, litie katika matone mengine 100, utikise: hiyo ni C ya pili. Ukifika ya 12 hesabu inakwambia umekaribia mwisho wa chembe za kitu ulichoanza nacho. Hahnemann na wafuasi wake wakaendelea mpaka 30. Tarakimu moja na sifuri 60 nyuma yake. Ili ubahatishe kupata chembe moja ya ile chumvi, ingekubidi unywe maji ya ujazo wa dunia hii yetu mara makumi ya mabilioni.

Wafuasi wake wanajibu kwamba maji yanakumbuka. Mtu wa pwani akisikia hivyo hawezi kushangaa sana, kwa sababu ana kombe. Tangu utotoni tumeona aya zikiandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji au marashi, na mgonjwa akanywa. Bagamoyo, mji wa Sheikh Ramiya na maulidi ya Kadiria, haihitaji kufundishwa na Mjerumani kwamba maji yanaweza kubeba neno. Nadhani ndiyo maana matone yaliingia nyumbani kwa shangazi bila kubisha hodi.

Ila kuna tofauti, na shangazi mwenyewe ndiye aliyeisema nilipomlinganishia. Kombe ni dua. Anayeandika kombe hakwambii ameweka dawa ndani. Anakwambia ameomba, na mponyaji ni Mungu. Wala sijamsikia mwalimu yeyote wa kombe aliyemwambia mzee aache vidonge vya presha kwa sababu zafarani haipatani navyo. Chupa ya 30C ni kombe lililovaa koti jeupe likasahau dua.

Hapa niwatoe hofu wapenzi wa mitishamba, maana najua barua zenu zimeshaanza kuandikwa. Sizungumzii mitishamba. Mwarobaini ni mchungu kwa sababu una kitu ndani. Kwinini ilitoka kwenye gome la mti, na dawa mseto ya malaria tunayopewa hospitali leo asili yake ni mmea wa Uchina, pakanga. Muhimbili wana taasisi inayochunguza dawa za asili, na mizizi yake inarudi hadi mwaka 1974. Mti unaweza kutibu na unaweza kuua, kwa sababu ile ile: una kitu ndani. Homiopathia ya 30C haiwezi hata kimoja. Lakini muuzaji anaitaja kama "dawa asilia", mnunuzi anasikia mlonge na mwarobaini, na biashara imekwisha. Sheria yetu nayo, ile ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, imeviweka vyote chini ya paa moja na baraza moja. Naelewa kwa nini kiutawala. Kwa mzee aliye kijijini paa hilo moja limekuwa kichaka: mganga wa miti aliyerithi kazi kwa bibi yake, anayejua mti gani una sumu, na kijana wa mashine ya kijiti, wote wanaitwa tiba mbadala, na wote wanasema wamesajiliwa.

Tunajuaje kama kitu kinatibu? Swali hili linanikera linapoulizwa Bagamoyo kana kwamba jibu liko Ulaya. Jibu liko pale pale mjini, mwendo mfupi wa bodaboda na daladala kutoka kwenye mkebe wa shangazi, katika kituo cha Taasisi ya Afya Ifakara. Bagamoyo ilikuwa mojawapo ya vituo 11 katika nchi 7 za Afrika vilivyojaribu chanjo ya malaria ya RTS,S kati ya mwaka 2009 na 2014, kwa watoto 15,459. Kina mama wa wilaya hii waliwapeleka watoto wao kliniki wakikubali jambo gumu: kwamba kura ndiyo itakayoamua mtoto gani apate chanjo ya malaria na yupi apate chanjo nyingine, na kwamba wala mama wala daktari anayempima hatajua yupi kapata nini mpaka mwisho. Wakahesabu homa miaka mitatu, minne. Baada ya kazi yote hiyo jibu likatoka: kwa watoto wa rika fulani waliopata dozi nne, chanjo ilizuia takriban visa 4 kati ya 10. Shirika la Afya Duniani likaipendekeza Oktoba 2021.

Visa 4 kati ya 10. Lilinganishe jibu hilo na la kijana wa mkoba, ambaye chupa zake zinatibu magoti, presha, usingizi na ujane. Kitu kilichopimwa hurudi na majibu madogo. Mimi siku hizi dawa isiyoungama udhaifu wowote naiogopa kama mtu anayesema hajawahi kukopa.

Na homiopathia imepimwa, si kwamba imeonewa. Mwaka 2015 baraza la utafiti wa tiba la Australia lilipitia tafiti 176 kuhusu maradhi 61 na halikupata hata ugonjwa mmoja ambao kuna ushahidi wa kuaminika kwamba homiopathia inautibu. Miaka miwili baadaye huduma ya afya ya taifa ya Uingereza, nchi ambayo ilikuwa na hospitali nzima za tiba hiyo na wateja wa ukoo wa kifalme, iliwaambia madaktari wake wasiiandike tena. Nyuma zaidi, mwaka 2009, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeonya isitumike kwa malaria, kifua kikuu na virusi vya ukimwi, onyo lililotuhusu sisi wa Afrika kuliko mtu mwingine yeyote.

Hata hivyo kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo ni nzuri, na anayeikwepa si mwaminifu. Kipindupindu kilipoipiga London mwaka 1854, wagonjwa wa hospitali ya homiopathia walikufa wachache sana kuliko wa hospitali za kawaida. Rekodi zipo. Sababu ni nini? Madaktari wa kawaida wa wakati ule walikuwa wakiwatoa wagonjwa damu na kuwanywesha zebaki. Wa homiopathia waliwapa maji, wakawalaza, wakawaangalia. Kutofanya kitu kulishinda kufanya kitu kibaya.

Mzee wa leo mwenye dawa nane mkebeni yuko karibu na hali hiyo kuliko tunavyopenda kukiri. Mwaka 1991 daktari wa Marekani, Mark Beers, alitoa orodha ya dawa ambazo wazee wasipewe bila sababu nzito, na orodha hiyo inahuishwa mpaka leo. Humo zimo piritoni, ambazo kwa mzee huleta kizunguzungu, kuchanganyikiwa na kuanguka. Vimo vidonge vya usingizi vya jamii ya diazepamu. Zimo dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki zikitumiwa siku nyingi, kwa kuwa zinachubua tumbo, zinapandisha presha na kuumiza figo, hasa zikikutana na baadhi ya dawa za presha zenyewe. Soma orodha hiyo kisha urudi kwenye mkeka wetu. Kati ya vitu vyote tulivyovimwaga siku ile, vichembe vya sukari vya 30C ndivyo pekee ambavyo kwa vyenyewe visingeweza kumdhuru shangazi. Diklofenaki ya jirani ilikuwa inamdhuru kimyakimya. Piritoni ilishamwangusha mara moja, usiku, njiani kuelekea chooni, na sote tulisema ni uzee.

Kwa hiyo anayeniuliza ni homiopathia gani ya kumchagulia mzee, na wapo wanaouliza kwa nia njema, jibu langu litawaudhi wote: ukishindwa kabisa kumzuia, mchagulie ile iliyo tupu zaidi. Vichembe vya sukari, namba kubwa. Uogope zile ambazo hazijazimuliwa sana, zenye namba ndogo au zilizoandikwa kuwa ni maji ya mmea wenyewe, kwa kuwa hizo zinaweza kuwa na kitu kweli, na baadhi ya mimea ya tiba hii ni sumu kali. Mmoja, Nux vomica, ni wa jamaa moja na mtonga wetu, na mbegu zake zina strikinini, sumu ya kuulia panya. Uogope pia chochote kinachotuliza magoti ndani ya siku mbili. Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilionya kuhusu vidonge vya viungo vya Artri King, vilivyouzwa kama virutubisho vya kawaida: vilikutwa na diklofenaki na deksamethasoni ambazo lebo haikuzitaja. Mzee anajisikia kijana, huku presha na sukari zinapanda, na akiacha ghafla mwili unaanguka. Muujiza wa siku mbili mara nyingi una jina la kidukani.

Kisha matone. Soma lebo, au msomeshe mjukuu aliye kidato cha pili. Homiopathia ya maji kwa kawaida huhifadhiwa kwa spiriti, pombe ile ile. Chupa moja kati ya tatu za shangazi ilikuwa ya matone, na neno lilikuwa limeandikwa wazi kwa Kiingereza. Nilipomtafsiria, mwanamke anayesali sala tano na kufunga Jumatatu na Alhamisi aliniangalia kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, na nilikuwa nakunywa kwa bismillahi." Nadhani kijana wa mkoba alipoteza mteja wake kwa sentensi hiyo zaidi kuliko kwa hesabu zangu zote za sifuri 60.

Lakini dawa tupu haiachi kuua ikiwa imekalia kiti cha dawa iliyojaa. Tulipompima siku ile presha ilikuwa 190 kwa 110. Presha haina maumivu. Inafanya kazi yake kimya kwenye mishipa ya kichwa, na siku inapojitokeza mdomo umekwenda upande, mkono haunyanyuki, na huku kwetu watu wanaanza kutafutana nani amemtupia jini. Mwaka 2011 nchi hii yote iliona jinsi mambo hayo yanavyokwenda, maelfu walipopanga foleni Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapila kwa Sh500. Bei yake ilikuwa ndogo na mzee mwenyewe, aliyefariki Julai 2021, hakuonekana kutajirika. Hasara ilikuwa kwa wale waliorudi nyumbani wakaacha dawa za sukari, za presha na za kufubaza virusi, wakiamini yamekwisha.

Na kwa nini shangazi aliviacha vidonge vyake kwa urahisi vile? Nilidhani ni kwa sababu ya maneno ya kijana. Sivyo. Alikuwa na sababu mbili zake mwenyewe, zote za akili timamu. Kidonge kimoja kilikuwa cha kupunguza maji mwilini, naye alikuwa akikimeza usiku kabla ya kulala, kwa hiyo alikuwa akiamka mara nne kwenda choo kilicho nje, gizani, na magoti yale. Kingine ni amlodipini, dawa nzuri na rahisi, ambayo kwa watu wengi huvimbisha vifundo vya miguu. Uvimbe ule mpya ulitoka kwenye dawa. Shangazi akaupeleka zahanati, moja ambayo sitaitaja, akakaa dakika zisizozidi nne mbele ya meza. Hakuna aliyemuuliza anakunywa nini na saa ngapi. Aliandikiwa dawa nyingine ya miguu. Hiyo haikuwapo. Akaambiwa akanunue.

Kwa hiyo dawa ilizaa dalili, dalili ikazaa dawa, na ya tatu alikuja kuiuza kijana wa mkoba, ambaye angalau aliuliza maswali. Aliuliza yasiyo na maana kuhusu chumvi na baridi, na moja lenye maana kubwa kuhusu kilio. Swali ambalo lingemwokoa shangazi, "Bibi, hivi vidonge unavimeza saa ngapi?", hakuna aliyeliuliza, si yeye wala wale waliosomea.

Sitaki kuwaonea wauguzi. Mtu mmoja mwenye foleni ya wajawazito, watoto wa homa na majeraha ya bodaboda hawezi kutoa saa nzima kwa kila mzee. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliahidi matibabu bure kwa wenye miaka 60 na zaidi, na madirisha ya wazee tunayaona, yameandikwa vizuri. Dirisha lakini ni la kupokelea. Hakuna sera niliyoiona inayomlipa mtu kumkalisha mzee, kumwaga mkebe wake na kupunguza dawa. Kumwongezea mzee kidonge ni dakika mbili na karatasi. Kumpunguzia kunataka kumjua. Nafasi hiyo iko wazi vijiji vyote vya pwani, na imejazwa na watu wenye mikoba, na wataendelea kuijaza hata tukiwafukuza kila mwezi, kwa kuwa kitu wanachokiuza kweli kweli hakimo chupani wala hakuna mwingine anayekiuza.

Watu wa Mlingotini si wepesi wa kudanganywa hivyo. Wameishi na ahadi ya bandari kubwa tangu mkataba wa 2013, wakaona shughuli za uzinduzi mwaka 2015, wakasikia mazungumzo yamesimama mwaka 2019. Wanajua tofauti ya maneno na meli. Shangazi alikuwa ameshamshuku kijana tangu siku ya pili. "Vichembe vyote ladha moja," alisema, "sukari." Nikamuuliza basi kwa nini aliendelea. Akanyoosha miguu mkekani, akajichua goti. "Alisema atarudi Jumanne kunijulia hali."

Na kweli alirudi, Jumanne mbili mfululizo. Mimi nilikuwa nimekaa miezi mitatu bila kufika.

Tulimpeleka kwa daktari mwingine, tukaubeba mkebe mzima. Alivimwaga vyote mezani kama tulivyofanya sisi, akapanga mafungu. Kidonge cha maji kikahamishiwa asubuhi baada ya chai. Amlodipini ikabadilishwa. Diklofenaki na piritoni zikatoka kabisa; kwa magoti akaambiwa parasetamoli anapozidiwa, na mazoezi ya kunyanyua mguu akiwa amekaa, ambayo shangazi anayaita maringo. Mlonge daktari aliuacha, akasema uwe wa mboga. Kwa chupa tatu za kahawia alicheka kidogo, akasema, "Hizi bibi fanya utakavyo, mradi hizi nyingine usiziache." Siku iliyofuata vidonge viliingia kwenye kiboksi chenye vyumba saba, na mjukuu akapewa kazi ya kukagua.

Jumamosi iliyopita presha ilikuwa 148 kwa 86 na vifundo vimerudi kuwa vifundo. Niliuomba tena mkebe. Ulikuwa umepungua, unacheza ukiutikisa. Chupa mbili za vichembe alikuwa amewapa wajukuu warambe, wakazimaliza kwa siku moja, na hakuna aliyeota ndoto ya ajabu. Ile ya spiriti aliimwaga mwenyewe kwenye mnazi, akaichemsha chupa mara tatu, akaianika juani, kisha akamiminia humo mafuta ya karafuu yaliyokosa kizibo. Kofia yake nyeusi inabana vizuri. Lebo hakuibandua, bado inasema 30C, na jioni alipotaka kuchua magoti aliniita kutoka uani, "Niletee ile ya Mjerumani."